Kuchanganya Bahari

Katika somo la msamiati tulikariri maneno ya pwani: kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu. Niliyajua kama mtu anavyojua majina ya mababu asiowahi kuwaona. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, nami sijaiona bahari mpaka leo. Hata hivyo, likizo iliyopita niliitengeneza, lita 200, ndani ya pipa la plastiki.

Mjomba wangu huweka matangi ya samaki wa mapambo katika hoteli na ofisi. Siku zote alikuwa akifuga samaki wa maji baridi, mpaka daktari mmoja wa meno alipotaka samaki wa baharini katika chumba cha kusubiria wagonjwa. Walipatana hivi: nusu ya malipo siku ya kuanza, nusu siku samaki watakapoingia. Fungu langu lilikuwa katika hiyo nusu ya pili, na ndilo nililolitegemea kumalizia ada ya muhula.

Kazi ilianza na maji. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, husafishwa Ggaba na kutiwa klorini, ambayo kwetu ni salama ila kwa samaki ni sumu. Kwa hiyo tuliyapitisha kwenye mashine inayoyasukuma katika utando mwembamba sana, yakatoka matupu, hayana klorini wala madini. Mashine hiyo haina haraka. Ilituchukua karibu siku mbili kulijaza pipa, na maji yaliyokataliwa na utando yalikuwa mengi kuliko yale tuliyoyapata. Tuliyamwagia migomba ya jirani.

Jirani huyo ndiye aliyeuliza kwa nini tununue chumvi ya ng'ambo kwa bei ile na ya Katwe ipo. (Katwe ya Kasese, si ile ya mafundi hapa mjini.) Swali lake ni la haki. Lakini chumvi si moja. Ziwa Katwe lina kabonati na salfeti nyingi, na maji yake ni ya magadi. Chumvi ya jikoni nayo ni sodiamu na klorini, basi, pamoja na iodini iliyoongezwa kwa ajili yetu. Bahari ina pia magnesi, kalsiamu, potasi na vingine vingi vidogo vidogo. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alitoa matokeo ya kupima sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger kutoka bahari za dunia, akaonyesha kwamba hata chumvi ikizidi mahali fulani au ikipungua, uwiano wa madini hayo makuu haubadiliki. Kwa sababu hiyo mtu wa bara anaweza kununua bahari ikiwa unga mkavu katika ndoo.

Jambo lililonifurahisha mimi, mwanafunzi wa lugha, ni kwamba kamusi ya Kiswahili inalo neno munyu, maana yake chumvi. Nyumbani tunasema omunnyo. Basi neno hilo la pwani halikuwa geni kwangu hata kidogo.

Katika kuchanganya, chumvi ndiyo huifuata maji, wala maji hayamwagwi juu ya chumvi. Ukigeuza utaratibu huo, kalsiamu hukutana na kabonati katika maji machache mno, inaganda kuwa ukungu mweupe, na hairudi tena. Tuliwasha pampu ndani ya pipa, tukapasha maji mpaka nyuzi 25, nikawa natia kikombe kimoja kimoja hadi zikaisha kilo saba. Tuliacha pampu ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi kipimo kilisoma gramu 33 kwa kilo ya maji, na bahari ina 35 hivi. Tofauti ya gramu mbili mara lita 200 ni gramu 400. Nilizipima kwenye mizani ya duka la mjomba, na saa chache baadaye kipimo kilikuwa pale pale tulipopataka.

Tukaweka mawe na mchanga katika tangi, tukajaza. Jioni ile ile daktari akasema anataka samaki Jumamosi, kuna wageni.

"Mbona maji yameshang'aa?" akauliza.

"Yameng'aa, Daktari, lakini hayajawa hai," mjomba akajibu.

Alimweleza kwamba uchafu wa samaki hutoa amonia, na amonia huwaua. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe. Daktari alisema yupo fundi mwingine aliyemwahidi samaki kwa siku tatu.

Nilitetemeka, nikifikiria ada. Lakini samaki wengi wa baharini wanaouzwa kwa mapambo hawazaliwi katika mabwawa, huvuliwa miambani, wengine pwani ya Kenya, na watu wanaopiga mbizi na nyavu ndogo. Kuwasafirisha hadi huku wafe kwa amonia ili wageni wa Jumamosi wafurahi, ni dhuluma. Kusema kweli, hata wakipona, bado sijashawishika kwamba biashara hii ni njema. Nilimwambia mjomba hivyo. Alicheka, ila samaki hakuwaleta.

Daktari hakumwita yule fundi mwingine. Muhula umeanza, na mhasibu wa chuo amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi. Kila asubuhi kabla ya darasa napita pale kliniki. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi inabaki, kwa hiyo ninaongeza maji matupu mpaka kwenye alama niliyoibandika kiooni. Kisha ninapima. Leo ni siku ya 26. Amonia imekwisha, nitriti bado ipo. Mtoto mmoja aliyeshika shavu alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza samaki wamejificha wapi. Nikamwambia bado hawajafika.