Kimbilio lenye Mlango

Nilipofika Plomion, kijiji cha kaskazini mwa Ufaransa, nilidhani nimepotea njia. Nilikuja kutazama kanisa, na mbele yangu palisimama ngome: minara miwili ya mviringo, kuta nene za matofali mekundu, na vitundu vyembamba vya kupenyezea mtutu wa bunduki.

Eneo hili la Thiérache mawe mazuri ni adimu ila udongo wa mfinyanzi upo tele, basi watu wakachoma matofali. Karne za 16 na 17, Ufaransa ikipigana na Wahispania hadi amani ya 1659, majeshi yalipita hapahapa yakipora. Mfalme yuko mbali. Wanavijiji wakayageuza makanisa kuwa maboma. Baadhi yana vyumba vya kujificha huko juu, vingine hata na meko.

Mwanzoni niliudhika. Nyumba ya Mungu na bunduki, wapi na wapi? Kisha nikamfikiria mama akipanda ngazi, mtoto mkononi, moshi ukionekana kwa mbali. Kimbilio, neno nililozoea kulisikia mimbarini tu, kwake lilikuwa na mlango. Alisali, ndiyo. Lakini kwanza aliufunga.