Viatu vya Mwendo Mrefu Mutanga Sud

Aondokaye Mutanga Sud alfajiri kwenda katikati ya mji wa Bujumbura husaidiwa na mteremko. Ziwa Tanganyika liko upande wa magharibi, mita 774 juu ya usawa wa bahari, na mji mzima umeinama kulielekea. Taabu huanza jioni, njia inapogeuka kuwa ya kupanda na jua limekwisha kuuchosha mwili. Hapo ndipo viatu vilivyosifiwa asubuhi huanza kumwumbua mwenyewe.

Wala si kila atembeaye hufanya hivyo kwa kupenda. Mwezi Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria kuingia katikati ya mji, na uhaba wa mafuta wa miaka ya 2022 hadi 2024 uliwafanya watu wengi wangoje mabasi kwa saa nyingi, kisha wakate tamaa na kushika njia kwa miguu. Mwanafunzi wa kampasi ya Mutanga, karani, muuguzi wa zamu, mtumishi wa nyumbani: kwa hawa lengelenge moja kisiginoni si jambo dogo. Leo ni lengelenge, kesho ni kidonda, na kesho kutwa ni siku ya kazi iliyopotea.

Njia yenyewe ina tabia nyingi. Kuna lami ichomayo adhuhuri, kuna mitaa iliyotandikwa mawe, na kuna vichochoro vya udongo ambavyo wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, huwa vumbi tupu. Mvua zikianza udongo ule ule huwa utelezi, hasa karibu na korongo la mto Ntahangwa, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukimega kingo zake. Juu ya mawe, soli nyembamba humfanya mtu ahesabu kila jiwe kwa unyayo wake. Juu ya tope, soli iliyolika ikawa laini kama sahani humwangusha mbele ya watu.

Kwa hiyo anunuaye na anunue jioni. Miguu huvimba kidogo kwa kutwa nzima ya kusimama na kutembea, na kiatu kilichomkaa mtu barabara saa mbili asubuhi huenda kikambana saa kumi na moja. Ajaribu miguu yote miwili, kwani aghalabu mguu mmoja huupita mwenzake, na huo mkubwa ndio upewe haki. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Nafasi hiyo ina kazi yake: katika kuteremka, mguu husukumwa mbele, na vidole visivyo na nafasi hugonga ngozi ya kiatu hadi kucha zikawa nyeusi. Kisigino nacho kishikwe imara, kisipande na kushuka, kwa sababu msuguano ule ndio uzaao malengelenge.

Kisha kiatu kikunjwe kwa mikono. Kilicho chema hukunjika pale vidole vinapoanzia, mahali mguu wenyewe unapojikunja. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina mgongo, na mvaaji wake atalalamika nyayo kabla hajafika nusu ya safari.

Wengi hununua mitumba. Kabla ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, hapo ndipo palipokuwa na wingi wa kila bidhaa. Wauzaji walitawanyika baadaye katika masoko mengine ya mji. Kiatu cha mtumba kina hila yake: kimekwisha kuuzoea mguu wa mtu mwingine. Kitazamwe chini. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja, mvaaji mpya naye atavutwa upande huo huo, hata magoti yamwume asijue sababu. Kitazamwe na ndani, ambamo alama ya vidole vya mwenyewe wa kwanza huonekana wazi. Raba zilizokaa ghalani miaka mingi huweza kupendeza machoni, kumbe soli imekauka na gundi imekufa. Zikibonyezwa kwa kidole hutoa ungaunga. Kushonwa na fundi husaidia, lakini fundi hafufui soli iliyooza.

Kandambili ni za uani na bafuni. Katambuga za matairi zina soli isiyokwisha, ila kamba zake huchubua miguu isiyozizoea. Kuhusu viatu virefu vya ofisini, akina mama wengi wamekwisha kuvumbua dawa: huvitia mkobani, wakatembea na raba, wakabadilisha mlangoni. Ni busara kuliko ile ya vijana wa miaka ya 1970 waliopanda raizoni na kuzishuka wakichechemea.

Wako watakaotaja habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli, lakini miguu yake ilikwisha kuzoea kukimbia hivyo, na huko Tokyo mwaka 1964 alishinda tena akiwa amevaa viatu. Vénuste Niyongabo, Mrundi aliyeleta medali ya dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996, naye alikimbia na viatu.

Viatu vipya vivaliwe kwanza nyumbani, kisha hadi dukani, ndipo vipewe safari ndefu. Soksi ziwe kavu na zisizo na mishono minene vidoleni. Mwenye ugonjwa wa kisukari na akague nyayo zake kila jioni, maana huweza kujeruhiwa asisikie maumivu.

Tarehe 13 Oktoba, siku aliyouawa Mwanamfalme Louis Rwagasore mwaka 1961, mashada ya maua huwekwa kaburini pake, kwenye kilima cha Vugizo juu ya mji. Ni majira ya mvua kuanza, na apandaye huko kwa miguu huweza kurudi amelowa. Viatu vilivyolowa visianikwe juani wala kando ya jiko, kwani ngozi hupasuka na gundi huachia. Vijazwe karatasi za gazeti kuukuu, viwekwe kivulini penye hewa, na karatasi zibadilishwe kabla ya kulala.