Bamkubwa Iroh

Kiingereza kina neno moja la ndugu wa baba, ndugu wa mama, mume wa shangazi, na mara nyingine hata rafiki wa baba anayekuja nyumbani Jumapili. Anko. Sisi tuliokulia Malindi tukitazama Avatar: The Last Airbender tulilipokea neno hilo vile lilivyokuja, na kwa miaka tukamwita yule mzee mnene mpenda chai "Anko Iroh". Waliotaka Kiswahili wakamwita Mjomba Iroh. Ikakaa hivyo, maana ni nani atakayekaa kitako kuchunguza ukoo wa katuni?

Ukichunguza, Iroh si mjomba wa mtu. Zuko ni mwana wa Ozai, na Iroh ni kakake mkubwa Ozai. Huyo kwetu ni baba mkubwa. Mjomba ni mtu wa upande wa mama: unakwenda kwake kudekezwa, unakula, unalala, unarudi kwenu. Shamba lake halikuhusu. Bamkubwa ni baba, na shamba lake linakuhusu sana.

Tofauti hiyo ilitajwa jioni moja kwenye kibanda cha muvi tunakokutania Maweni, na toka siku hiyo hatujaweza kubishana kuhusu hadithi hii kama zamani.

Kwa ambaye hajaitazama, nitaeleza kwa kifupi. Ilianza kuonyeshwa Februari 2005 kwenye runinga ya Nickelodeon, Marekani, ikaisha Julai 2008. Sehemu 61, vitabu vitatu: Maji, Ardhi, Moto. Waliobuni ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Dunia ina mataifa manne, na katika kila taifa kuna watu wanaoweza kuamrisha maji, ardhi, moto au hewa. Taifa la Moto limepigana vita miaka 100 likitaka kuwatawala wengine wote. Mtoto wa miaka 12, Aang, ndiye Avatar, mtu mmoja anayeweza kuamrisha vyote vinne, na kazi yake ni kumkomesha Ozai, Bwana wa Moto. Zuko ni mwana wa Ozai. Alipokuwa na miaka 13 alifungua mdomo kwenye baraza la vita bila ruhusa, babake akamchoma uso mbele ya watu na kumfukuza. Asirudi mpaka amlete Avatar. Aliyefuatana naye uhamishoni, kwa hiari yake, ni Iroh.

Mabishano ya mashabiki kila mahali yana sehemu mbili ambazo hayazipiti. Ya kwanza ni mwisho wa Ozai. Aang amelelewa na watawa, hataki kuua, na wenzake wote wanamwambia ua. Siku chache kabla ya pambano anaamkia juu ya kisiwa kinachoogelea, kumbe kisiwa chenyewe ni mnyama mkubwa, kichwa cha simba na gamba la kasa. Yule mnyama anampa uwezo wa kumnyang'anya mtu nguvu zake bila kumuua. Ozai anabaki hai, hawezi hata kuwasha njiti. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa mwandishi: umemfunga mtoto kwenye fundo, halafu unaleta kasa kutoka baharini amfungulie.

Kwetu hoja hiyo haikupata wafuasi wengi. Kijana mmoja anayevua samaki upande wa Watamu alisema kasa ndiye kitu cha kuaminika zaidi katika hadithi nzima. Huko kwao kuna watu kazi yao ni kuwaokoa kasa wanaonasa nyavuni. Wavuvi huwapigia simu, wanakuja, wanamtibu, wanamrudisha majini. "Sasa mmoja akikumbuka wema, ajabu iko wapi?" Tulicheka, lakini nadhani alisema jambo la haki. Hadithi tulizokulia zimejaa viumbe vinavyompa mtu kitu njiani kwa sababu ameshika mwiko wake. Aang ameshika mwiko, amepewa. Tuendelee.

Sehemu ya pili ndiyo yenye moto. Mwisho wa kitabu cha pili, Desemba 2006, Zuko na Iroh wameshakimbilia mji wa Ba Sing Se kama wakimbizi. Iroh amefungua mkahawa wa chai, na Zuko, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, anatabasamu. Halafu dadake, Azula, anakuja na kumwambia: shika upande wangu, utarudi nyumbani na heshima yako. Ndani ya mapango chini ya mji Zuko anatazama huku, anatazama kule, anamshika dadake. Aang anapigwa radi mgongoni. Iroh anawazuia maadui ili watoto wakimbie, kisha anajiachia akamatwe. Hamtazami Zuko usoni.

Kwa miaka tulibishana hapo kama wanavyobishana watu kila mahali. Zuko ni msaliti. Zuko ni mtoto, ana miaka 16. Zuko alidanganywa. Mwaka 2020, ilipowekwa Netflix ya Marekani, mabishano yakafufuka upya kwa vijana waliokuwa hawajazaliwa ilipoanza, na Februari 2024, ilipotoka ile ya watu halisi, yakafufuka tena. Maneno ni yaleyale.

Pale kibandani swali lilikuja kwa njia nyingine. Mwenye kibanda, ambaye hutengeneza simu mchana na kumwekea mtu msimu mzima kwenye flashi kwa shilingi 50, alipata wazo la kuisimulia Avatar kwa Kiswahili, watoto wa mtaani wasikilize. Wasimulizi wa filamu tunawajua, DJ Afro akiwa maarufu kuliko wote hapa Kenya, lakini wengi wao wanapenda za mapigano ya Kihindi na Kichina. Hii hakuna aliyeigusa, alisema. Akajaribu kidogo mbele yetu. Alipofika kwa Iroh akasema "mjomba", na mama anayeuza mahamri na mbaazi hapo mlangoni, ambaye hutazama kila kitu tunachotazama bila kukiri, akageuka.

"Mjomba kwa nani? Si ni ndugu wa babake?"

"Ndio, mama. Mkubwa wake."

"Basi ni bamkubwa wake huyo. Mbona mwamvunjia mtu heshima?"

Hapo ndipo mtu akauliza lile ambalo sote tulikuwa tumeliruka. Kama Iroh ndiye mkubwa, kiti cha babao kilimfikaje mdogo?

Jibu limo kwenye hadithi yenyewe, kitabu cha pili, na tulilitazama usiku uleule. Iroh alikuwa jemadari na mrithi. Aliuzingira mji wa Ba Sing Se siku 600. Mwanawe wa pekee, Lu Ten, akauawa vitani, na mzee akavunjika moyo, akaondoa jeshi. Habari zilipofika nyumbani, Ozai alikwenda kwa baba yao, Mfalme Azulon, na kumwambia: kaka hana tena mtoto, ukoo wake umekatika, mimi ninao wawili, nipe mimi. Watoto wenyewe walikuwa wamejificha nyuma ya pazia wakisikiliza. Azulon alikasirika. Lakini usiku huohuo akafa, mke wa Ozai akatoweka, na asubuhi Ozai alikuwa Bwana wa Moto.

Kimya kilichofuata pale kibandani nilikitambua. Hii si hadithi ya dunia ya ajabu. Ni kesi ya shamba. Mzee mwenye haki ya kwanza amefiwa na mwanawe, ndugu mdogo ana wana, na maneno yanaanza kusemwa: wa nini kwake, atamwachia nani? Hapa Kilifi tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Mvua ikikosa, mtoto akiugua, biashara ya mtu Mombasa ikianguka, kuna mzee mwenye mvi na macho mekundu ambaye lazima awe anajua sababu. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine na damu yao wenyewe, na mara nyingi ukifukua chini ya tuhuma unakuta mpaka wa shamba. Wengine hupaka mvi rangi nyeusi ili wasijulikane kuwa wamezeeka. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa mahali pa hifadhi kwa waliotishwa wakakimbia. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, Julai ileile ambayo Avatar ilikuwa inaisha. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Mimi hupenda tu kuyaweka pamoja: msitu unalindwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wakiutunza, na mzee anakimbilia huko akimkimbia mpwa, au mtoto wa ndugu yake.

Kuna mwenzetu anayetoka upande huohuo wa Ganze. Ni mpole, hutazama zaidi kuliko kusema, na hukumbuka kila jina la kila mji katika kila mfululizo. Siku tatu nne baadaye tulikuwa tumerudi Ba Sing Se, tunabishana kama Zuko angejua babake alivyokipata kiti angemchagua bamkubwa. Yeye akasema angemchagua babake vilevile.

"Kwani nyinyi mnaonaje," akasema. "Nyumbani ni wapi? Ni kwa mwenye shamba. Bamkubwa ana nini cha kumpa? Ana birika la chai."

Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kuhesabu majina ya miji, kwamba bamkubwa wake mwenyewe sasa amepanga chumba kimoja hapa Malindi, na kwamba siku alipofukuzwa nyumbani wana wa ndugu zake walikuwa wamesimama uani. Hakusema nani alisimama wapi. Hatukumuuliza. Mwenye kibanda akajifanya anatafuta waya.

Kinachonishangaza ni alichokataa kukiamini. Kasa alimkubali. Radi alizikubali. Alichokataa ni hema. Karibu na mwisho kabisa, Zuko, ambaye ameshamwacha babake na kuhamia upande wa Aang, anampata Iroh kwenye kambi nje ya Ba Sing Se. Anaingia hemani, mzee amelala anakoroma. Kijana anakaa chini kungoja mpaka kunakucha. Mzee anapoamka anampa mgongo, na Zuko anaanza kuomba radhi huku analia. Hajamaliza, bamkubwa anageuka na kumvuta kifuani. Basi. Imekwisha.

"Hapana," mwenzetu akasema. "Hapo wametudanganya. Hakuna kikao? Hakuna wazee? Hata mbuzi?"

Na ni kweli, bwana. Sisi tunajua mtu aliyemtia mzee jela hasamehewi kwa dakika moja. Kuna kukaa chini, kuna kusema kosa mbele ya watu, kuna faini, kuna mnazi wa kumwaga. Msamaha usio na mashahidi unaweza kukanwa kesho. Nilijaribu kumtetea mwandishi: nikasema Iroh amefiwa na mwana mmoja, hakuwa na nguvu ya kumpoteza wa pili. Zipo dakika chache za kitabu cha pili ambapo yuko peke yake chini ya mti, siku ya kuzaliwa ya Lu Ten, na sehemu hiyo iliwekwa kwa kumbukumbu ya Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, aliyefariki Julai 2006. Ukiiona hiyo, nikasema, huwezi kushangaa hemani.

Mama wa mahamri ndiye aliyejibu vizuri zaidi. "Mbuzi ni wa mtu wa nje," akasema. "Mjomba angengoja mbuzi. Baba hangoji. Ndio maana nikawaambia msimwite mjomba."

Mwenzetu alitikisa kichwa, wala hakukubali. Alichoshika yeye ni kinachofuata, ambacho mashabiki wengi hawakitaji. Zuko anamwambia Iroh: wewe pekee, mbali na Avatar, unaweza kumshinda babangu. Na Iroh anakataa. Anasema hata akishinda, watu watakuja kuona ni kaka amemuua ndugu yake kwa ajili ya kiti. Mwenye haki ya shamba, mwenye nguvu za kulichukua, na siku ya kulichukua imefika, anasema hapana, sitaki liandikwe hivyo. Anakwenda kuukomboa Ba Sing Se, mji aliouzingira mwenyewe, na vita vikiisha anarudi kuuza chai.

"Hapo namwamini," akasema. "Bamkubwa alisema hivyohivyo. Alikatazwa asiende kwa chifu na wanawe wa kike, wakadhani anaogopa. Akasema haogopi."

Wiki iliyofuata alikuja na simu, kabambe ya vitufe yenye betri iliyovimba, akataka awekewe sehemu nne za mwisho. Mwenye kibanda akamwambia faili hazitafunguka kwenye simu hiyo, mpaka zipunguzwe, na picha itakuwa ndogo kama stampu. Akasema sawa. Tulingoja karibu saa nzima kompyuta ikizikata. Mtu akamkumbusha kwamba zote ni Kiingereza, na mzee ataona midomo inacheza tu.

"Nitamsimulia mwenyewe," akasema, akalipa 50 yake, akashuka na barabara.