Subira Isiyo na Macho Haitengenezi Injini

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba subira yavuta heri. Wazee wetu hawakukosea kunena hivyo. Lakini leo Jumapili, ukiwa umepumzika na jamaa zako baada ya kazi za wiki nzima, nakuomba tulitazame neno hilo kwa makini zaidi, kwani ziko subira za namna mbili. Iko subira ya mtu aketiye akangoja mambo yajitengeneze yenyewe. Na iko subira ya mtu ambaye kila akwamapo husimama, akauliza ni kitu gani kilichomkwamisha, ndipo akanyoosha mkono tena. Tofauti ya subira hizo sikuipata chuoni nilikosomea uandishi wa habari. Nimeipata katika injini ya gari kuukuu, Peugeot 404, tuliloachiwa na marehemu baba yetu hapa Unguja.

Huenda vijana wa leo hawalijui gari hilo. Lilianza kutengenezwa Sochaux, nchini Ufaransa, mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Gia yake iko kwenye usukani, na injini yake ya silinda nne, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,618, imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Wamarekani wa miaka hiyo walikuwa wakijivunia magari ya mabavu, kama ile Pontiac GTO ya mwaka 1964 iliyokuwa na silinda nane na injini ya lita 6.4. Mbele ya gari la namna hiyo, 404 ni kama punda mbele ya farasi. Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua ni yupi kati ya wanyama hao afikishaye mzigo shambani wakati wa masika.

Ushahidi upo katika mashindano ya Safari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, na yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Chris Rothwell, katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirejea kushinda, na safari hiyo nayo yalifika magari saba tu. Tope, vumbi na mawe vilikuwa vya wote. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake liliweza kuharibika kidogo, likatengenezeka, likaendelea.

Gari letu halikupata kushinda kikombe chochote. Baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika, mwaka 1984, akalifanya teksi ya kituo cha Darajani. Kwa gari hilo tulisomeshwa watoto wanne. Kwa gari hilo majirani walikimbizwa Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku wa manane, na wengi wao hawakuombwa nauli. Baba alipofariki mwaka 2005, gari lilisukumwa hadi Kikwajuni, nyumbani kwa mama, kwani vichochoro vya Mji Mkongwe tulikokuwa tukiishi havipitishi gari. Likawekwa chini ya banda la makuti. Likakaa humo miaka 14, likipigwa na upepo wa bahari, ambao hapa kwetu hula chuma kama mchwa alavyo boriti.

Mwaka 2019 tulikutana watoto wote kulizungumza. Kaka yetu mkubwa alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, na fedha zigawanywe. Maneno yake hayakuwa ya kipuuzi: katika familia yetu walikuwapo watoto sita waliohitaji ada na sare. Mimi na dada yangu tulitaka litengenezwe. Mama alitusikiliza, kisha akasema: "Wanangu, gari hili limekusomesheni. Litengenezeni mkitaka. Lakini halitakula ada ya wajukuu zangu, na halitakula mchele wa mtu yeyote." Basi tukakata shauri kwamba kila mwezi mimi na dada tutie shilingi 40,000 kila mmoja katika kibati kimoja, na fedha ya kibati ikimalizika, kazi isimame mpaka kijae tena.

Pingamizi la kwanza lilikuwa kwamba injini ilikuwa imeganda. Pistoni zilishikana na silinda kwa kutu. Wapita njia walishauri gari lifungwe kamba livutwe na lori, gia ikiwa imetiwa. Lau tungelifanya hivyo, tungelivunja kilichobaki. Tulifungua plagi zote nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa katika kila silinda, tukaiacha siku kumi. Gari hili lina mahali pa kutilia mkono wa chuma mbele, wa kuzungushia injini. Kila jioni tulijaribu kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Siku ya kumi na moja mkono ulisogea upana wa kidole, na baada ya wiki injini ikazunguka mzunguko mzima. Dada yangu alipiga vigelegele hata majirani wakadhani kuna posa.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya kusafisha kabureta na kutia betri mpya, gari liliwaka, likatoka, na kabla ya kufika Bububu likachemsha. Gereji moja mjini ikatwambia gasketi ya silinda hedi imeungua. Tukanunua nyingine, likafungwa, na juma la pili likachemsha tena pale pale. Wakatwambia hedi imepinda. Kweli ilikuwa imepinda, kwani ni ya aluminiamu na haistahimili moto wa kupita kiasi. Tukaivusha bahari hadi Dar es Salaam ikasawazishwe uso. Iliporudi na kufungwa, gari lilikwenda vizuri hadi Tunguu, na hapo likaanza kugonga kwa sauti ya nyundo ndani ya ndoo. Injini ilikuwa imenoki. Tulipovuta kijiti cha kupimia oili, tuliona rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia katika oili, na oili iliyochanganyika na maji haiwezi kuzilinda beringi.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipouona udhaifu wa subira isiyo na macho. Miaka miwili ilikuwa imepita. Fedha iliyokwisha kuingia katika gari ilikuwa imekaribia shilingi milioni mbili. Kibati kilikuwa kitupu. Kaka hakutucheka, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko kicheko. Mama aliuliza jambo moja tu: "Hivi mnajua linaumwa nini, au mnalinunulia dawa tu?"

Swali hilo lilitupeleka Mwera, kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi wa Peugeot huko Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Nilianza kumsomea orodha ya vipuri tulivyonunua. Akanizuia kwa kiganja. "Mwanangu, usinambie umenunua nini. Nambie gari lilisema nini, siku gani, na wapi." Kwa bahati, kazi yangu imenizoesha kuandika. Nilikuwa na daftari lenye tarehe, masafa, na kila dalili iliyoonekana. Mzee alilisikiliza daftari hilo mchana kutwa, kuliko daktari wengi wanavyotusikiliza sisi.

Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe. Katika injini hii pistoni hazitembei ndani ya bloku lenyewe, bali ndani ya mikebe minne ya chuma ambayo mafundi huiita slivu, nayo huzungukwa na maji. Chini ya kila slivu mna sili nyembamba izuiayo maji yasiteremke kwenye oili. Slivu hazikufungwa kwa bolti. Kinachozigandamiza mahali pake ni ile hedi ya juu. Ukiiondoa hedi, kisha ukaizungusha injini bila ya kuzibana slivu, pistoni huzinyanyua na sili ikaachia. Daftari lilionesha kwamba hedi ilipokuwa Dar es Salaam, injini ilizungushwa gerejini ili pistoni zisafishwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya maji katika oili.

Lakini mzee hakutosheka. "Hayo ni ya mwisho," alisema. "Ya kwanza je? Lilichemshwa na nini?" Akafungua bloku na kuchokoa njia za maji kwa waya. Zikatoka kutu na chumvi, konzi baada ya konzi. Miaka ya mwisho ya teksi, rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya visima vya karibu na pwani, na maji hayo yana chumvi. Njia za maji ziliziba kidogo kidogo, kama mishipa ya mgonjwa. Gasketi, hedi na beringi vyote vilikuwa watoto wa mama mmoja, na sisi tulikuwa tukiwazika watoto huku mama yao akiendelea kuzaa.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda polepole, lakini haikurudi nyuma. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa. Slivu na pistoni mpya zilipatikana Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Krankshafti ilipelekwa kusagwa, ikatiwa beringi za kipimo chake. Slivu zilipokaa mahali pake, mzee alipima urefu wa kila moja juu ya uso wa bloku kwa tofauti iliyo nyembamba kuliko ukucha, na mbili akazitoa akazirudia. Kibati kilipokuwa kitupu, tulingoja. Lakini kungoja huku hakukuwa kama kule kwa zamani, kwani sasa tulijua tunangojea nini.

Injini iliwaka mwezi wa Agosti 2022. Mzee aliamuru liendeshwe taratibu kwa kilomita 500 za mwanzo, kisha oili ikabadilishwa na hedi ikakazwa upya injini ikiwa baridi. Usidhani kwamba shida zilikwisha. Tulipompeleka mama Bumbwini kuwatazama jamaa, gari lilizimika Chuini. Lau ingelikuwa zamani, tungeishuku injini nzima na kufungua mifuko. Siku hiyo tulianza kuuliza: moto upo katika plagi? Upo. Petroli inafika kwenye kabureta? Haifiki. Kutu ya tangi ilikuwa imeziba chujio. Nusu saa baadaye tulikuwa njiani, na mama hakuwa amemaliza hata chungwa lake.

Sasa gari hubeba maharusi siku za mwisho wa wiki, na kinachopatikana huingia katika ada ya wale wajukuu. Sitakudanganya kwamba limerudisha fedha zote. Kaka yangu bado asema kwamba kwa gharama ile tungelipata pikipiki ya kutuingizia riziki mapema zaidi, na kwa hesabu ya karatasi hakosei. Yeye ndiye sasa atunzaye daftari.

Nawe, ndugu msomaji, huenda huna gari kuukuu. Lakini labda una cherehani inayokata uzi kila siku, au duka lisilotoa faida, au mtoto ambaye kila muhula hurudi na alama mbaya. Kabla hujamtafutia mwalimu wa pili wa masomo ya ziada, umeuliza kama anauona ubao? Kabla hujakopa kuongeza bidhaa dukani, umetazama fedha inatokea mlango gani? Andika kinachotokea, na siku kilipotokea. Tafuta ya kwanza, usihangaike na ya mwisho peke yake. Tena weka mpaka wa fedha, ili matumaini yako yasile chakula cha watoto. Ukifanya hivyo, subira yako itakuwa kazi, nayo kazi ina ujira wake. Usipofanya hivyo, utakuwa umekaa tu kando ya barabara, boneti imefunguliwa, ukiutazama mvuke.