Saa Mbili ya Nani?

Sisi Wakenya huishi na saa mbili kichwani. Simu inaandika 8:00, mdomo unasema saa mbili, na hakuna anayekosa matatu kwa sababu ya hesabu hiyo. Shida huanza kompyuta ikiingia katikati.

Natunza tovuti ndogo ya ratiba za kliniki za mtaani: siku ya chanjo, siku ya wajawazito, saa ya kufungua, saa ya kufunga. Ratiba hazijazwi na mimi. Zinajazwa na kina mama wanaojitolea, kwenye jedwali la pamoja, kwa simu, chai ikichemka jikoni. Wanaandika vile wanavyosema: "saa 2:30 asubuhi", "saa 12 jioni".

Tovuti haisomi jedwali hilo moja kwa moja. Natumia Eleventy, programu inayochukua faili za data na violezo ikatoa kurasa zilizo tayari. Jedwali linatoka kama CSV, msimbo mfupi unalipitia mstari kwa mstari, kisha linatoka upande wa pili kama JSON. Ni hapo, kwa sekunde chache ambazo hakuna mtu anaangalia, ndipo saa ya mama inageuzwa kuwa saa ya mashine.

Na mashine ina imani zake. Andika 12:30 bila alama za kunukuu kwenye YAML ya toleo la 1.1, na programu inayofuata sheria zake itakupa 750, ikidhani unahesabu kwa sitini sitini. Andika NO, kifupi cha Norway, nayo itasoma "hapana". Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliachana na vituko hivyo, lakini ziko programu ambazo bado zinasoma kizamani. Namba ya simu inayoanza na 07 nayo ikichukuliwa kama hesabu, sufuri inaenda, na simu ya kliniki haiingii tena.

Rafiki yangu wa kazi hii hii alinipa dawa rahisi: "Si uwaambie tu waandike 08:30? Watazoea." Pengine wangezoea. Lakini mtu anayejitolea bila hata senti, kwa nini nimwombe afikirie kama faili? Akiwaza kwa Kiswahili halafu aandike kwa saa ya Kizungu, yeye ndiye anakuwa mtambo wa kugeuza data. Siku atakayochoka, mama mwingine atafika na mtoto mgongoni akute nesi ameshafunga.

Kwa hivyo mzigo nimeupa msimbo. Na si kuongeza sita tu, bana. Saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 12 jioni ni 18:00. Nambari ni ile ile, jibu ni tofauti. Lile neno la mwisho, ambalo kwa mashine ni pambo tu, ndilo limebeba siku nzima. Likikosekana, mtu akaandika "saa 3" basi, ujenzi wa tovuti unasimama. Hakuna ukurasa mpya unaotoka. Napata ujumbe, napiga simu: "Mama, hii saa tatu ni ya asubuhi ama ya usiku?" Anacheka, anarekebisha, tunaendelea.

Wapo wanaoniambia nikisie tu, eti kliniki gani ya mtaa hufunguliwa usiku? Iko. Na hata isingekuwepo, kukisia ni kumjibu mtu kabla hajamaliza kusema.

Ile 08:30 inabaki nyuma ya pazia, ikisaidia kompyuta kupanga kliniki kuanzia inayofungua mapema. Kwenye ukurasa, msomaji anaona maneno yale yale yaliyoandikwa jikoni: saa 2:30 asubuhi.