Kwaresima Wakati wa Ulanzi

Jumatano ya Majivu haitangulii tarehe 4 Februari wala haipiti tarehe 10 Machi. Sisi makarani wa parokia twaijua hesabu hiyo kwa ajili ya kalenda tunazobandika mlangoni mwa kanisa. Wakulima wa Kilolo na Mufindi waijua kwa njia nyingine: kwao Kwaresima ni wakati wa ulanzi. Mvua zimenyesha, machipukizi ya mianzi yamepanda, na kila mji wenye mianzi una kinywaji kinachochuruzika usiku na mchana. Ndipo padre anapotupaka majivu na kutuambia tujinyime.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe. Nilisomea ualimu hukohuko Tukuyu, ajira zikakawia, nikashika kazi ya ukarani Mbeya, na sasa ni mwaka wa sita naifanya kazi hiyo upande wa Iringa, kwao mke wangu. Kwetu nako watu hunywa, nisiwafiche. Lakini kimpumu chetu hupikwa. Nafaka hutafutwa, kuni hukusanywa, na lazima mama fulani aamue kuinjika chungu. Asiyetaka pombe nyumbani mwake aweza kuikataa tangu jikoni. Ulanzi haupikwi. Mgema hukata ncha ya chipukizi, hufunga mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia, kisha huenda zake. Asubuhi hukuta mtogwa, maji matamu ambayo hata mtoto huonjeshwa. Yakikaa yanachacha yenyewe, na baada ya muda ni mkangafu wa kumlaza mtu njiani. Hapana aliyekusudia kutengeneza pombe, nayo pombe ipo. Wageni wanaokuja kutuambia "acheni tu" naona bado hawajaujua ugumu wenyewe.

Tena kuna jambo ambalo karani hulijua kuliko mhubiri, maana yeye ndiye anayeandika stakabadhi za zaka. Fedha ya miezi ya mvua hutoka kwenye madumu ya ulanzi yanayopelekwa vilabuni na kando ya barabara kuu. Mahindi bado mabichi, viazi vimekwisha kuuzwa, na ada ya mtoto wa sekondari inadaiwa. Siandiki haya kwa kumcheka mtu. Nataka tu ieleweke kwamba mwanzi wa mtu maskini si adui wa kukatiwa shoka, na kwamba mgema mwenyewe hunusa kila siku kitu ambacho wengine tumeambiwa tukikimbie.

Baba mkwe wangu ni mgema kwa zaidi ya miaka 40. Kazi hii, kwa wasioijua, haina Jumapili. Alfajiri lazima mgema apite kila chipukizi, amwage kilichojaa, apunguze ncha kwa kisu kikali, kipande chembamba kama ukucha, ndipo mwanzi utoe tena. Jioni afanye vilevile. Ukiuacha, jeraha hukauka na maji hukoma. Mzee amepita mianzi yake kwenye mvua, siku za misiba, na hata siku ya harusi yetu alifika kanisani suruali imelowa umande hadi magotini. Sijaona mtawa mwenye saa zilizonyooka kuliko zake.

Basi mwaka 2023 walimpima zahanati wakamkuta na shinikizo la damu. Akaambiwa mambo matatu: kidonge kimoja kila siku asubuhi, chumvi apunguze, pombe aache. Chumvi alikubali, maana mama mkwe ndiye mwenye kijiko. Juu ya pombe alinyamaza. Vidonge alimeza mwezi mmoja, akaacha. "Naumwa nini?" akauliza. Na kweli hakuumwa na kitu. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu, haupigi hodi. Kaka yake mkubwa naye hakuumwa na kitu, hata asubuhi aliposhindwa kuinua mkono wa kulia, na tangu hapo mpaka tulipomzika hakusema neno lililoeleweka. Mke wangu alikuwa akimlisha baba yake huyo mkubwa kwa kijiko. Kwa hiyo kila tulipokuta vidonge havijaguswa, hatukulala vema.

Kwaresima ya mwaka 2024 ilianza tarehe 14 Februari. Mzee akatangaza mbele ya wanawe kwamba ameacha ulanzi mpaka Pasaka, na kweli aliacha. Alikuwa akigema, akimimina, akiuza, wala haonji. Bei ya mkangafu aliipanga kwa kunusa. Tukafurahi. Wiki ya pili mke wangu akahesabu vidonge: havijapungua hata kimoja. "Nimefunga, mwanangu," baba yake akamjibu. "Kitu hakiingii kinywani kabla ya jua kuwa juu."

Kwa desturi zetu mkwe hamwamuru baba mkwe wake, na mimi siwezi kumwinulia sauti mzee ambaye kila asubuhi namwinamia na kusema "Kamwene". Nilimwendea kwa kofia yangu ya ukarani. Nilijua neno lile lilikotoka, maana wazee kadhaa huniuliza dirishani pa ofisi. Walilelewa na wazazi na makatekista waliofundishwa kwamba atakayekomunika asile wala asinywe tangu usiku wa manane, hata maji. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mwaka 1953 Papa Pio XII alisema maji matupu hayavunji mfungo huo. Mwaka 1957 akaufanya kuwa wa saa 3 kwa chakula. Na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza uwe saa moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi kuwa maji na dawa havihesabiwi. Na ule mfungo mwingine, wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wa mlo mmoja wa kushiba, humbana mtu mzima tangu miaka 18 mpaka atimize 59. Yeye alikuwa na 67.

Nilidhani nimempa habari njema. Alinuna. "Kwa hiyo Kanisa limeniweka pamoja na watoto?" akasema. Nikamwambia, "Baba, Kanisa halikukukataza kufunga. Limekukataza kuacha dawa." Sina hakika kama sheria imeandikwa hivyo neno kwa neno, lakini siku ile ilitosha.

Aliyetafuta dawa ya kumezea dawa ni mke wangu. Alichukua kimfuko cha kitambaa, akatia vidonge, akakifunga kwenye mpini wa kisu cha kugemea. Hakusema neno. Mzee akashika kisu alfajiri, akashika na kimfuko. Mtu ambaye hakuwahi kukosa mwanzi katika miaka 40 hakuweza tena kukosa kidonge, kwa kuwa vilikuwa mkono mmoja. Hata sala yake ya asubuhi, ambayo mama mkwe alikuwa akimgombeza juu yake, ilihamia pale pale: chipukizi la kwanza, kidonge, Baba Yetu, kisha kazi.

Hapa niseme neno juu ya sisi wengine. Mimi ulanzi tumbo langu haliupendi, basi kuuacha kwangu si sadaka. Nilichoacha mwaka ule ni sukari ya chai, na kwa mtu aliyekulia kando ya mashamba ya chai ya Rungwe si jambo dogo, pamoja na simu baada ya sala ya jioni. Sukari ilinisumbua siku nne, simu ilinisumbua siku zote arobaini. Nao ni arobaini kwa sababu Dominika hazihesabiwi. Ukizihesabu ni siku 46. Nawajua wanaume wanaozipenda sana hizo Dominika sita.

Pasaka ikafika tarehe 31 Machi, ulanzi ungali ukitoka kwa wingi. Kila mwaka siku hizo huona jambo la kusikitisha: watu waliojizuia vizuri hunywa siku mbili deni la siku arobaini, na Jumatatu ya Pasaka wengine huletwa zahanati kwa toroli. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hapana kipimo cha pombe ambacho chaweza kuitwa salama kwa afya. Neno hilo ni gumu kulisoma mbele ya watu wenye madumu mlangoni, lakini nililibandika ubaoni. Mzee alikunywa Pasaka ile, vikombe viwili, akaondoka barazani. Jumatatu hakunywa. Hatukumwuliza.

Tukaona tumeshinda. Ikaja Juni, mvua zikakatika, mianzi ikakauka, kisu kikachomekwa darini. Mwisho wa Julai mke wangu alikwenda kuwasalimu, akapanda kutafuta chungu, akakiona kisu na kimfuko chake kimefungwa vilevile, kimejaa. Majuma saba! Presha ilipopimwa ilikuwa juu kuliko ile ya kwanza. Mzee hakuwa mkaidi. Kazi ililala, na sala ikalala, na dawa ikalala nayo.

Safari hii shauri lilitoka kwa wenzake wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Kigango chetu hakina kengele ya shaba. Kina rimu ya lori iliyotundikwa mtini, nayo hugongwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Mgongaji wa asubuhi alikuwa amehamia Ilula kwa mwanawe. Wakampa mzee nyundo. Mama mkwe akahamisha kimfuko, akakitundika kwenye msumari uleule wa nyundo.

Rimu haina msimu. Imegongwa Agosti kwenye baridi na upepo, imegongwa Kwaresima ya mwaka 2025, ambayo ndugu zetu Waislamu walikuwa wametutangulia siku chache kuanza Ramadhani, na jirani yake mmoja wa msikitini alimwambia kwamba alikuwa akiisikia rimu hiyo daku imekwisha kuliwa. Vidonge huhesabiwa kila mwisho wa mwezi, vyapungua sawasawa. Juu ya ulanzi baada ya Pasaka mzee bado hajatamka lolote. Juzi tu alimwomba mke wangu amtafutie nyundo nzito kidogo, maana watu wa ng'ambo ya bonde walilalamika kwamba hawaisikii.