Pengo la Megawati 1,000

Jumanne, 11 Februari 2025. Ukunda

Nimekabidhiwa jedwali tupu, safu moja kwa kila mwaka kuanzia huu hadi 2050. Kazi yangu ni kujaza kiasi cha stima ambacho Kwale itahitaji. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake, na mimi nimeangukiwa na makadirio ya mahitaji.

Nilianza na sensa. Mwaka 2019 tulihesabiwa watu 866,820. Nikaongeza kidogo kila mwaka, mstari ukapanda umenyooka kama mnazi. Nikaufuta. Nimezaliwa Msambweni, na huku mambo makubwa huja kama maji: yanajaa, kisha yanakupwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichowalisha wazee wetu kilikufa 1988. Machimbo ya titani ya Maumba na Nguluku yalipakia meli ya kwanza Likoni Februari 2014, na Desemba iliyopita yakafungwa. Mashine zile zilitenganisha mchanga usiku na mchana. Aliyepiga hesabu zake mwaka 2015 kwa kuyatazama machimbo, leo angekuwa na stima isiyo na mnunuzi. Na kinu cha nyuklia, kama kile ambacho Kwale na Kilifi zimetajwa kuwa mahali pa kukijenga, kinakusudiwa kuishi miaka sitini.

Alhamisi, 13 Februari. Gazi

Siku nzima kwa mama karanga mmoja, mkaangaji na muuzaji wa samaki, karibu na bandari ya samaki. Nilimkuta ameketi mbele ya karai, moshi wa kuni unampiga usoni. Nikamwamkia, nikatoa fomu. Fomu inauliza taa ngapi, simu ngapi, televisheni.

“Andika friza, mwanangu,” akaniambia. “Wenzako walikuja wakaandika taa, wakaenda zao.”

Fomu haina mahali pa friza. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma.

Friza yake ndiyo biashara. Kaskazi hii bahari imetulia, vyombo vinarudi vimejaa, bei inaanguka, na asiyekuwa na pa kuweka samaki anauza kwa hasara jioni hiyohiyo. Yeye anajaza friza na kusubiri. Kusi likiingia, vyombo vinafungwa ufukweni, friza inabaki tupu, naye anaizima ili isile tokeni. Kwa hiyo nyumba moja ina mahitaji mawili, na tofauti yake ni upepo. Hoteli za Diani nazo hujaa Desemba, joto likiwa kali, vipoza hewa havizimwi. Kaskazi inabeba vyote kwa pamoja: wageni, joto, samaki. Nimeligawa jedwali langu, kila mwaka safu mbili, kaskazi na kusi. Sijui kama wakubwa watakubali, lakini siwezi tena kuandika moja.

Aliniambia pia kuhusu usiku mmoja wa Desemba. Stima ilipotea tangu magharibi hadi asubuhi ya pili. Akamwaga ndoo tatu za tafi na pono. Deni la tajiri aliyemkopesha lilibaki palepale. Alisimulia bila kupandisha sauti, na mimi niliona haya kwa kalamu yangu.

Jumamosi, 15 Februari. Galu

Nimepita kwenye kituo cha stima. Sehemu kubwa ya Kusini mwa Pwani inaning’inia kwenye laini ya kilovolti 132 inayotoka Rabai. Adhuhuri mapaa ya hoteli yenye sola yanatoa stima kwa wingi. Tatizo ni saa moja na nusu usiku, jua limezama, kila jiko na kila taa na kila friza inadai. Sola bila betri haimfikii mama wa Gazi saa hiyo.

Jumatano, 26 Februari. Msambweni

Mzee mmoja mvuvi aliniuliza maji ya kupozea kinu yatarudi baharini yakiwa na joto gani. Ni swali la haki. Karibu theluthi mbili ya joto la kinu haligeuki stima, lazima litupwe, na mahali pa kulitupa ni bahari. Gazi wanauza hewa ukaa ya mikoko kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013. Ghuba ile ndiyo kitalu cha samaki wao. Waliopinga kinu kule Uyombo, Kilifi, mwaka jana walikuwa na hofu hiyohiyo, na haikuwa hofu ya ujinga.

Lakini swali lililoninyima usingizi ni jingine. Kinu huzeeka. Kinafika umri ambao lazima kizimwe kifumuliwe. Je, tunawasha nini?

Olkaria, kwenye stima ya mvuke wa ardhini, nako mashine zimezeeka. Mashine tatu za kwanza, za megawati 15 kila moja, zilianza 1981 hadi 1985. Mpango ni kuziunda upya zitoe 63 badala ya 45. Ni nani Kwale aliyehisi megawati 45 zikiondoka? Hakuna, kwa sababu zilikuwa ndogo na zina ndugu wengi.

Sasa tazama Koeberg, Afrika Kusini. Kinu cha kwanza, cha mwaka 1984, kilizimwa Desemba 2022 kubadilishwa majenereta matatu ya mvuke. Kilirudi Novemba 2023, na nchi ilikuwa katika mgao wa stima. Kanada, huko Darlington, kinu kimoja kilizimwa Oktoba 2016, kikawashwa Juni 2020. Na hao wana gridi kubwa kuliko yetu mara nyingi. Kilele chetu cha jioni mwezi huu kimepita kidogo megawati 2,300, nchi nzima. Kinu kinachotajwa ni cha 1,000. Wahandisi wana kanuni ya zamani kwamba mashine moja isizidi takriban sehemu ya kumi ya gridi, ili ikianguka isiziburute nyingine. Yetu ingekuwa zaidi ya sehemu nne za kumi. Mahitaji yetu yakiongezeka mara mbili, bado ni sehemu mbili za kumi.

Siikatai nyuklia. Moshi wa mitambo ya dizeli ya Kipevu naujua, na bei yake pia. Ninachotaka ni kuona pengo limeandikwa kabla ya nguzo ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani. Stima imepotea adhana ya magharibi ikiingia. Tumefuturu kwa mshumaa.

Ijumaa, 14 Machi. Gazi

Nimeongeza ukurasa katika mpango: “Mwaka wa Matengenezo.” Ndani yake kuna betri za jioni, laini ya pili kuingia Kusini mwa Pwani, na vinu vidogo badala ya kimoja kikubwa. Msimamizi wangu amesema hilo ni la serikali kuu, si la kaunti. Nimemwomba auache.

Alasiri nilirudi kwa mama karanga, akiandaa samaki wa futari. Nikamweleza Koeberg, kwamba mashine ilizimwa Desemba ikarudi Novemba. Akahesabu kwa vidole vyenye unga.

“Basi ni kaskazi nzima na kusi nzima.”

Nimeliandika hivyo hivyo, kwenye kichwa cha ukurasa.